Hesabu ya Kidole Kimoja

Mwaka wa kwanza, Sukhbati Netam alituletea kumi na mmoja.
Mwaka wa pili, wanne.
Mwaka huu, Machi inakwisha, vitabu vinafungwa,
hajaleta mtu.
Na fedha ni zile zile:
posho yake, pamba, betri za tochi,
chai ya wanawake waliokuja kujifunza
baka la ukoma lilivyo na lisivyo.

Mimi ni mhasibu wa wilaya. Nikagawanya kwa sifuri.
Kikokotoo kikaandika: kosa.
Mkubwa wangu akapiga mstari kwa wino mwekundu,
"Tunalipia nini? Hospitali ipo. Anayeumwa aje."

Anayeumwa.
Lakini huu hauumi.
Huingia kama mgeni mwenye adabu,
anavua viatu mlangoni,
na wenyeji wanaendelea kulala.

Nikaenda Kesartola kukagua stakabadhi.
Za nauli hakuwa nazo: hutembea.
Ndala zake zimelika upande wa kisigino
kama sabuni ya wiki ya mwisho wa mwezi.
Ulikuwa msimu wa maua ya mahua,
yameanikwa kila ua, harufu yake inalewesha hata mbuzi.
Nyumba ya tatu, mtoto ana duara shingoni.
"Choa," akasema. "Kinawasha. Kinachowasha hakinitishi."
Nyumba kumi na tisa.
Nikaandika sifuri, nikaipigia mstari chini.

Jioni, gulioni, watu wamemzunguka Tikam,
mkaanga bhajia.
Mafuta yanaruka karaini, yanamtua mkononi,
hashtuki.
"Mkono wa chuma!" wanapiga makofi,
na yeye anazidisha, anaokoa bhajia kwa vidole vitupu,
maana sifa ni mshahara pia.

Sukhbati hakupiga makofi.
Alinunua za rupia kumi, kwa fedha yake
(na hizi nazo hazina stakabadhi),
akala polepole mpaka wateja wakaisha,
akamwita nyuma ya kibanda, palipobaki jua.
"Kaka, fumba macho. Nikikugusa, nionyeshe."
Akanigeukia: "Kalamu."

Begani, Tikam akaonyesha.
Kiwikoni, akaonyesha.
Mgongo wa mkono, kimya.
Akagusa tena. Akagusa mara ya tatu.
Tikam amefumba macho, anatabasamu,
anangoja aguswe.

Sitaandika alivyolia. Si yangu.
Aliuliza jambo moja: nani atakula tena kwangu?
"Mimi, kesho," Sukhbati akasema. "Vidonge ni bure.
Mwaka mmoja, usiruke hata siku.
Na utumie upawa, mjinga wewe, kama watu wote."

Usiku, nyumba ya wageni, nikarudia hesabu.
Mgonjwa mmoja, fedha yote ya mwaka:
ghali kuliko wote tangu leja ifunguliwe.
Ndivyo ilivyo. Mwanamke huyu kadiri anavyofanya kazi vizuri
ndivyo tarakimu zake zinavyoharibika.
Samaki wa mwisho bwawani ndiye anayechosha wavu.
Nikajaribu upande wa pili:
kidole kikikunjika, upasuaji, bei gani?
Viatu maalumu? Karai likipoa, kibanda kikifungwa,
mke akirudi kwao na watoto wawili?
Na aliye jirani yake, ambaye sasa hataupata,
nimwandike wapi?
Leja yangu ina safu sita.
Hakuna ya kidole kilichobaki mkononi.

Nikachora ya saba, pembeni, kwa rula ya kuazima.
Haikunyooka.

Mkubwa hajajibu.
Sukhbati ameniletea salamu: kuna nyumba tatu
ng'ambo ya kijito, mvua ikianza hakupitiki,
na betri zimekufa.
Ripoti niliitia sahihi kwa penseli.
Kalamu anayo yeye.